Mama ana "intastishali" ya mapafu, mjomba ana ya figo: je, ni ugonjwa mmoja?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, amekausha samaki kwa moshi hapa Igombe, Mwanza, tangu sisi tukiwa wadogo. Ana kikohozi kikavu, huu mwaka wa pili, na siku hizi akitoka mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki, kupanda nyumbani husimama njiani mara mbili tatu ahemee kwanza. Alimaliza dawa za TB miezi 6 bila nafuu. Picha ya CT tuliyopiga mjini imeandikwa "ugonjwa wa intastishali wa mapafu, mchoro wa wavu chini pande zote mbili". Kilichotushtua zaidi, mjomba, kaka yake mama, mwezi uliopita naye kaandikiwa "nefraitisi ya intastishali", yaani uvimbe wa figo, baada ya vipimo vya figo. Nyumbani wapo wanaosema ni kansa ya ukoo, wapo wanaosema tumerogwa. Je, ni ugonjwa mmoja? Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza watu wawili kwa mpigo.

Ni magonjwa mawili tofauti, na hakuna hata moja kati yake lililo kansa. Kinachofanana ni mahali yalipokaa. Karibu kila kiungo mwilini kina seli zinazofanya kazi yake maalumu, na kati ya seli hizo kuna tishu inayozishikilia pamoja: nyuzi za kolajeni na elastini, seli za faibroblasti zinazozitengeneza nyuzi hizo, seli za kinga, mishipa midogo ya damu na ya limfu, na maji. Maji hayo si haba. Kwa mtu mzima wa kilo 70 hufika lita 10 hivi, na ndiyo yanayojaa kwenye vifundo vya miguu mtu anapovimba. Tishu hiyo ya katikati ndiyo madaktari wanaiita intastishiamu, na ugonjwa wowote unaokaa humo huitwa wa intastishali. Ripoti ya mama yako imekuonyesha mtaa, bado haijamtaja mwenye nyumba. Kazi iliyobaki ni kumtafuta huyo, maana magonjwa ya intastishali ya mapafu peke yake yanazidi 200, na dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine.

Tuanze na mama. Kwenye mapafu kuna vifuko vya hewa mamia ya milioni, na kila kimoja kimezungukwa na kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba mno. Palipo pembamba kabisa ni kama nusu ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ndiyo maana oksijeni hupenya kwa kitambo kidogo sana. Ukuta huo ukijeruhiwa mara kwa mara, faibroblasti humwaga kolajeni kupita kiasi. Ukuta hunenepa, pafu hukakamaa, na matokeo yake ni haya mnayoyaona nyumbani. Akikaa kitako anaonekana mzima. Akipanda kilima damu inapita kasi kwenye kapilari, muda wa kupokea oksijeni unapungua, oksijeni inashuka, anasimama kuhema. Kikohozi huwa kikavu kwa sababu njia kubwa za hewa hazina makamasi mengi. Shida iko ndani zaidi. Mwangalieni pia vidole. Kucha zikianza kuvimba na kupinda kwa mbele, na nyama ya chini ya kucha ikawa laini ukibonyeza, mwambieni daktari. Naye akimwekea kipimo cha kusikilizia chini ya mgongo, atatafuta milio mikavu ya kupasukapasuka pande zote mbili, hasa mwishoni mwa kuvuta pumzi.

Sasa maneno ya kwenye ripoti. "Mchoro wa wavu" maana yake kuta hizo zimenenepa kiasi cha kuonekana kama mistari inayokatana. Mara nyingi huashiria kovu, ingawa maji na uvimbe navyo huweza kuchora mistari. Mkikuta "kioo cha ukungu", ni eneo lililofifia lakini mishipa ya damu bado inaonekana ndani yake. Hapo panaweza kuwa na uvimbe unaotibika, maji, maambukizi, au kovu changa. "Sega la asali" ni vishimo vilivyopangana chini ya utando wa nje wa pafu, na hilo ni kovu la kudumu, halirudi nyuma. "Bronki zilizovutwa" ni njia za hewa zilizotanuka kwa kuvutwa na kovu. Ripoti yenu haina sega la asali kwa jinsi ulivyoinukuu, na hiyo ni habari njema ya kadiri. Ila nendeni mkaisome yote, hadi mstari wa mwisho, na muulize jambo moja: picha ilipigwaje?

Hapo ndipo mambo mengi huharibikia. Picha ya CT ya kuchunguza ugonjwa huu inatakiwa vipande vyembamba, milimita 1 hadi 1.5, mgonjwa akiwa amevuta pumzi hadi mwisho na kuishikilia. Halafu hupigwa vipande vichache baada ya kutoa pumzi, na vingine akiwa amelala kifudifudi. Mtu akilala chali, sehemu ya nyuma na chini ya mapafu hujikunja kwa uzito wake na kutoa ukungu unaodanganya. Akigeuzwa kifudifudi, ukungu wa uongo hupotea, wa kweli hubaki. Mgonjwa anayekohoa katikati ya picha, au aliyepigwa vipande vya milimita 5 kwa sababu iliombwa "CT ya kifua" tu, anaweza kupewa ugonjwa asio nao au kunyimwa alio nao. Dawa ya kung'arisha mishipa haihitajiki kwa kazi hii. Chukueni picha zenyewe kwenye CD, msiridhike na karatasi ya maelezo, maana bingwa wa Bugando au wa Muhimbili atataka kuziona kwa macho yake.

Kwa nini alipewa dawa za TB? Simlaumu aliyemwandikia. Kwenye eksirei ya kawaida kovu la intastishali na TB huweza kufanana, na TB kwetu ni nyingi. Lakini kuna dalili za kutofautisha. TB ya mapafu ya watu wazima hupenda sehemu za juu, mara nyingi upande mmoja umezidi mwingine, na huja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, makohozi. Ya mama yako iko chini, pande zote mbili, kikavu. Angalieni kwenye kadi yake: je, makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutambua vimelea vya TB, na vimelea vikaonekana, au alianzishiwa dawa kwa kuangalia picha tu? Kama vilionekana, basi alikuwa na TB kweli, na sehemu ya makovu inaweza kuwa mabaki yake. Kama havikuonekana, kumrudishia dozi ya pili ya TB "kujaribu" kutamcheleweshea matibabu na kumtwisha ini na figo mzigo bure. Kitu kingine kinachochanganya ni moyo kushindwa kazi, ambapo maji hujaa kwenye intastishiamu na eksirei huonyesha mistari mifupi ya mlalo pembeni. Hiyo hutibika kwa dawa za kupunguza maji, kwa hiyo kipimo cha moyo cha ultrasaundi kisirukwe. Na kipimo cha VVU kirudiwe hata kama cha mwaka juzi kilikuwa salama, kwa sababu nimonia ya fangasi inayowapata wenye kinga ndogo hutoa ukungu uleule wa pande mbili. Kwa sisi wa mwambao wa ziwa naongeza kichocho cha tumbo. Kikikaa miaka mingi huweka makovu kwenye ini na baadhi ya wagonjwa hupandisha shinikizo la mishipa ya mapafu. Hao huhema sana huku mapafu yenyewe yakionekana safi.

Mkishaondoa hayo, ndipo swali la chanzo linaanza, na hapa daktari hutegemea maelezo yenu kuliko mashine. Kaeni na mama jioni moja, mwandike. Moshi: ni wa kuni gani, ndani au nje, saa ngapi kwa siku, tangu mwaka gani. Niseme wazi kwamba moshi wa kuni mara nyingi zaidi huharibu njia za hewa, yaani mkamba sugu, lakini kwa waliokaa nao miongo, masizi hutua hadi kwenye kuta za vifuko na kuacha kovu. Kwa hiyo moshi ni mshukiwa, haujahukumiwa. Ndege: anafuga njiwa au kuku wengi, wanalala karibu na chumba chake? Vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege, pamoja na ukungu wa mahindi au pumba zilizolowa, huleta uvimbe wa mapafu wa mzio ambao ukigundulika mapema hupoa kwa kuondoa chanzo tu. Mawe: aliwahi kugonga kokoto? Majabali haya yetu ya Mwanza ni graniti, na graniti ina kwazi kwa wingi, ambayo ni silika. Mchanga wake laini usioonekana kwa macho ndio unaofika kwenye vifuko. Walio kwenye makarasha ya dhahabu upande wa Geita wako hatarini zaidi. Vinundu vyao hukaa juu ya mapafu na huongeza uwezekano wa kupata TB ya kweli.

Kisha viungo na ngozi, maana kwa mwanamke wa miaka 58 mwenye kovu la chini pande zote, hili ndilo ningelifuatilia kabla ya mengine. Vidole vya mikono hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa? Hugeuka vyeupe akigusa maji ya baridi? Mdomo na macho vikavu? Chakula hukwama akimeza? Ngozi ya vidole imebana? Anashindwa kunyanyua ndoo kichwani ilhali zamani aliweza? Baridi yabisi na magonjwa mengine ambayo kinga hushambulia tishu unganishi huingia mapafuni, wakati mwingine kabla viungo havijauma. Aombewe vipimo vya damu vya kuonyesha kinga inayojishambulia na uvimbe, yaani kipimo cha rumatoidi, kingamwili za anti-CCP na ANA, na ESR, pamoja na mkojo na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), kwa sababu baadhi ya magonjwa hayo hugusa mapafu na figo za mtu huyohuyo. Na dawa: nitrofurantoini ya muda mrefu kwa ajili ya UTI, methotreksati, amiodaroni ya moyo, zote zinajulikana kuleta tatizo hili.

Vipimo vya nguvu ya mapafu havina gharama kubwa ukilinganisha na CT, lakini husahaulika. Spirometri ni kupuliza kwa nguvu zote hadi pumzi iishe, mara 3 zinazokubalika, na mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Pafu lililokakamaa hutoa hewa kidogo lakini kwa kasi. Chukua mfano: anatarajiwa kutoa lita 2.5, anatoa 1.6, na katika hiyo lita 1.4 inatoka sekunde ya kwanza. Uwiano ni 0.88. Mwenye pumu au mkamba sugu uwiano wake hushuka chini ya 0.7. Hii ndiyo sababu dawa ya kuvuta ya pumu haitarajiwi kumsaidia mama. Kipimo hiki kifanywe baada ya kuhakikisha hana TB hai, maana anapuliza chumba kizima.

Kipimo cha pili ni kutembea dakika 6 kwenye ukumbi wa mita 30 akiwa na oksimita ya kidole, kifaa kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu. Mwanza iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu mzima wa afya kusoma 95 si ajabu. Tunachotafuta ni kushuka: pointi 4 au zaidi, au kufika 88 na chini. Aoshe rangi ya kucha, na kama vidole vimepakwa piko tumieni kidole kisicho nayo, kwani piko humlaghai oksimita. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho huweza kusoma juu kidogo ya hali halisi, kwa hiyo namba ya 90 isiwafanye mlale usingizi.

Matibabu yanafuata jina, na hapa nawasihi msitangulie duka la dawa. Prednisoloni husaidia kweli kwenye uvimbe wa mzio, kwenye magonjwa ya tishu unganishi na mengine machache. Lakini kuna aina moja ya kovu isiyojulikana chanzo, inayowapata zaidi wenye miaka 60 na kuendelea, ambayo utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba kuitibu kwa mchanganyiko wa prednisoni, azathioprini na asetilisisteini kuliongeza vifo na kulazwa. Aina hiyo ina pirfenidoni na nintedanibu, dawa zinazopunguza kasi ya kovu bila kulifuta, na bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi. Tangu 2019 kuna ushahidi kwamba nintedanibu husaidia hata makovu ya vyanzo vingine yanayozidi kusonga. Bingwa akiamua prednisoloni, kiwango cha kuanzia mara nyingi ni kama nusu miligramu kwa kila kilo. Mama wa kilo 60 atakunywa miligramu 30, vidonge 6 vya miligramu 5, asubuhi baada ya kula, kisha hupunguzwa taratibu kwa miezi. Akishapitisha wiki 3 asiache ghafla, tezi zake za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili, zitakuwa zimelala. Kabla ya kidonge cha kwanza apimwe sukari, presha, TB na VVU, na kama hutembea peku mwaloni atibiwe minyoo ya strongiloidesi kwa ivermektini. Mnyoo huyo hukaa kimya mwilini miaka, steroidi, yaani dawa za kundi la prednisoloni, zikishusha kinga huzaliana na kuua. Akikaa kwenye miligramu 20 au zaidi kwa wiki 4, aulize kuhusu kotrimoksazoli ya kujikinga na ile nimonia ya fangasi.

Moshi uishe leo, msisubiri jina la ugonjwa. Najua ndiyo riziki. Abaki kwenye kununua, kupanga bei na kuuza, wa kukaa kwenye chanja awe mwingine. Khanga ya kufunika pua haizuii chembe zinazofika kwenye vifuko, na barakoa ya N95 kwa mtu anayehema tayari humchosha. Atakayechukua nafasi yake atumie kuni zilizokauka, jiko lenye dohani, na ajue upepo: mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Mchana akae upande wa ziwa, moshi umpe kisogo.

Mjomba ni habari nyingine. Kwenye figo, tishu ya katikati inazunguka mirija midogo inayosafisha mkojo, na ikivimba ghafla mshukiwa wa kwanza ni dawa. Muulizeni bila kumkaripia: diklofenaki au ibuprofeni za mgongo kwa muda gani? Omeprazoli ya kila siku? Siprofloksasini, ampisilini, rifampisini? Homa na vipele pamoja na kupanda kwa eosinofili (seli nyeupe za damu zinazopanda kwenye mzio), picha inayofundishwa darasani, huonekana kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10, kwa hiyo kukosekana kwake hakuiondolei dawa shaka. Kuna mtego hapa ninaouona ni mbaya kuliko yote: mkojo wa nefraitisi hii huwa na seli nyeupe bila bakteria. Anayesoma majibu haraka huandika "UTI", mgonjwa hupewa siprofloksasini, ambayo yenyewe ni miongoni mwa dawa zinazoileta. Mkojo uoteshwe maabara kwanza. Dawa inayoshukiwa ikomeshwe siku hiyohiyo, na kreatinini ipimwe tena baada ya siku 3 hadi 7. Isiposhuka, bingwa wa figo ataamua kuhusu kinyofu cha figo na steroidi, na hizi hufaa zikianza mapema kabla kovu halijakaa. Mizizi na majani ya kusafisha figo msimpe. Baadhi ya mimea hutia kovu lilelile.

Humohumo kati ya mirija ndimo zilimo seli zinazotengeneza erithropoietini, homoni inayouamuru uboho utengeneze damu. Zikigeuka kovu, damu hupungua hata kama madini ya chuma yapo, na ndiyo maana vidonge vya kuongeza damu pekee huenda visimpandishe. Seli za katikati zenye kazi maalumu zipo na kwingine: za Leydig kwenye korodani hutoa testosteroni, za Cajal kwenye ukuta wa utumbo hupanga mapigo ya kusukuma chakula. Mkilikuta neno hilo kwenye ripoti ya mtu mwingine, someni kwanza ni la kiungo gani.

Kuhusu ukoo: makovu ya mapafu ya kurithi yapo, lakini tunayashuku ndugu wawili wa damu wanapokuwa na kovu la mapafu wote wawili. Pafu kwa dada na figo kwa kaka havitoshi.

Mama apelekwe Sekou Toure au Bugando bila kusubiri miadi iwapo kuhema kutazidi ndani ya siku chache, midomo ikawa ya bluu, oksimita ikasoma chini ya 90 akiwa amekaa, akakohoa damu, au kifua kikamchoma ghafla upande mmoja. Na kama mtapewa rufaa ya Dar es Salaam kwa ndege, mwambieni daktari mapema. Hewa ya ndani ya ndege huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400, na mgonjwa ambaye oksijeni yake iko chini anapokaa tu huenda akahitaji mtungi safarini, kitu ambacho shirika la ndege hutaka kuarifiwa siku kadhaa kabla.